Tovuti ya Macho Tuliyoijaribisha kwa Mbali

Kelvin ameniomba mwongozo. Alitaka uwe mfupi, uwe na vichwa vya habari, na kwa hisani yangu usiwe na hadithi. Nilimkubalia yote, maana siku ile ilikuwa ya kuniaga na yeye ndiye aliyeshika kisu cha keki. Sasa niko nyumbani kwangu Temeke, nimestaafu rasmi, na kila nikikaa kuandika mwongozo inakuja hadithi. Basi nyie vijana mliobaki ofisini mtanivumilia. Vichwa vya habari ataviweka Kelvin mwenyewe, anavipenda.

Mishahara sitaizungumzia, mnaijua. Vyeo navyo havikuwa na uzito: nilianza nikiitwa karani wa simu, nikamaliza na jina refu la Kiingereza ambalo halikuenea vizuri hata kwenye kitambulisho. Kazi ilikuwa ileile. Nilitazama watu wakipotea kwenye tovuti zetu, kisha nikawaeleza waliozitengeneza kwamba aliyepotea hana kosa.

Ofisi ilikuwa Mwenge, juu ya duka la nguo la Mzee Hemedi, mahali ambapo ukifungua dirisha unasikia nyundo za wachonga vinyago tangu asubuhi. Nassor, mwanawe, ndiye aliyeanzisha kampuni, akiwa na kompyuta mbili na feni moja waliyokuwa wakigombea. Mimi nilikuwa katibu muhtasi kabla ya hapo, nimekuja mjini kutoka Upare na vidole vyepesi vya taipureta. Siku ya kwanza Nassor alinipa simu ya mezani akaniambia nipokee malalamiko. Aliyepiga wa kwanza alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, anataka kuagiza sufuria kwenye tovuti ya duka fulani tuliyoitengeneza, anauliza watafungua lini. Nikamwambia tovuti haifungwi, mama. Akasema yeye anaiona kwa macho yake, imefungwa na kufuli juu. Nikaenda kuitazama. Picha kubwa ya mbele ilikuwa ya duka lenyewe, na mpigapicha wetu alikwenda Jumapili. Kufuli lilionekana vizuri sana, kamera ilikuwa nzuri. Nassor alicheka, kisha akaacha kucheka, maana picha ile ilikaa pale tangu tovuti izinduliwe.

Aliyenifundisha kazi hakuwahi kugusa kompyuta, na alijivunia hilo. Mzee Hemedi na ukoo wake wameuza nguo tangu mababu zao walipotoka Uarabuni, na nikishuka kufuata chai alikuwa ananiweka kwenye kiti cha wateja nitazame. Alisema mteja anayesifu kitambaa halafu akasema atarudi, huyo usimwekee. Anayekivuta, akakinusa, akakuambia rangi hii itachuja, huyo chukua mkasi umkatie. "Lawama ni nusu ya kununua, mwanangu," aliniambia. "Sifa ni njia ya kutokea." Pia alikuwa akinitania kwamba Mpare kukaa kwenye meza ya malalamiko bila kumpeleka mtu mahakamani ni muujiza. Nilimjibu kwamba kesi naiandaa, bado nakusanya mashahidi.

Kelvin alikuja baadaye kidogo, kijana wa Kinondoni, msanifu, mwenye kipaji na mwenye mapenzi yasiyoelezeka na rangi ya chungwa. Wakati ule tulikuwa tunaleta watu ofisini waijaribu tovuti kabla haijatoka. Tunamkalisha mtu mbele ya kompyuta, tunampa soda, Nassor anasimama nyuma yake upande mmoja na Kelvin upande mwingine kama wapambe wa bwana harusi, kisha tunamuuliza ameionaje. Mnategemea aseme nini? Ameshakunywa soda yetu. Wote walisema nzuri sana, hongereni. Mama mmoja kutoka Kawe aliisifia tovuti kwa maneno matamu mpaka Kelvin akaona haya, na ukurasa wenyewe ulikuwa haujafunguka, mtandao ulikuwa umekatika. Nilishuka kumsimulia Mzee Hemedi. Akaniuliza kama kwetu Upare mgeni hulalamikia chumvi mbele ya mpishi.

Ndipo tukahamia kwenye majaribio ya mbali yasiyo na msimamizi. Nyie mmeyakuta, mnadhani yalikuwepo tangu Adamu. Mtu anatumiwa linki akiwa kwake, jikoni au dukani, anaifungua, inampa kazi ya kufanya kwenye tovuti, na wakati anaifanya inarekodi skrini na sauti yake. Anaombwa aseme kwa sauti kila anachofikiria. Hakuna anayemsimamia nyuma, hakuna soda. Akimaliza tunamrushia bando, halafu sisi tunasikiliza kwa nafasi yetu.

Programu ya kurekodi ilitengenezwa mbali, na watu ambao nadhani hawasalimiani. Ilikuwa na saa. Kazi ikifunguka tu saa inaanza kukimbia, na mtu akikawia kubonyeza inaandika kwamba amepotea. Watu wetu wa mwanzo wote waliandikwa wamepotea kwenye ukurasa wa kwanza. Kelvin alikunja uso siku nzima, akavikuza vitufe, akavipaka chungwa. Mimi nikavaa hedfoni nikasikiliza. Dada mmoja wa Sinza alikuwa anaiamkia simu shikamoo, anaiuliza hali za pale ofisini, anaipa pole na kazi, na kuiarifu kwamba yeye hajambo ila mtoto ana mafua. Mwalimu mmoja alijitambulisha jina, shule na darasa analofundisha, kisha akauliza matokeo yatatoka lini. Hawakupotea hao, walikuwa hawajamaliza kusalimia. Tukaweka ukurasa wa kukaribishana mwanzoni, saa ikaanza kuhesabu baada ya hapo. Vitufe vya chungwa vilibaki, hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Baada ya salamu, hata hivyo, watu walisema kweli. Fundi mmoja wa Keko, anayetengeneza vitanda, alisema menyu yetu imefichwa kama chumvi nyumbani kwa mgonjwa wa presha. Nilimchezea Kelvin kipande hicho mpaka akaomba ruhusa ya kwenda kula. Hii ndiyo faida ya kazi hii ambayo haiandikwi kwenye miongozo.

Sasa nije kwenye tovuti ya macho, ambayo nusura imwondoe Kelvin kazini. Kliniki moja binafsi ya macho kule Kawe ilitaka wagonjwa wake waandikishe miadi mtandaoni badala ya kujazana barazani tangu alfajiri. Kelvin aliisanifu peke yake, kazi yake kubwa ya kwanza, na ilikuwa nzuri, maandishi makubwa na kurasa safi. Unaweka jina, unaweka namba ya simu, unatumiwa tarakimu za kuthibitisha, unachagua siku. Siku moja kabla ya miadi meseji inakukumbusha. Tuliijaribisha kwa mbali na kila mtu akafaulu. Wiki ile Kelvin alitembea ofisini kama bwana harusi wa jana.

Miezi michache baadaye daktari mwenye kliniki alikuja mwenyewe Mwenge, mama mpole asiyepandisha sauti. Alisema watu wanajiandikisha kwa wingi na hawatokei. Madaktari wake wanakaa wakitazama viti vitupu, na wazee wenye mtoto wa jicho wanazidi kupoteza nuru majumbani huku nafasi zao zipo zinawangoja. Mwezi ukiisha hali ikiwa hivi, alisema, atarudi kwenye utaratibu wa zamani na atavunja mkataba. Nassor alimsindikiza mpaka kwenye gari, akarudi, akamwita Kelvin ndani. Ukuta wa ofisi yake ni wa mbao nyembamba, sikuhitaji kutega sikio. Alimwambia mteja yule akiondoka, na yeye ataondoka naye.

Kelvin alitoka akakaa kwenye kiti chake bila kufungua kompyuta. Alikuwa ndiyo kwanza ameoa, amepanga vyumba viwili Mwananyamala, na kitanda chake cha Keko bado kilikuwa kinanukia vanishi. Nilimwonea huruma sana. Nilikuwa nimemzoea kama mwanangu, na kusema kweli mwanangu wa kumzaa ni mkaidi zaidi.

Nikauliza swali moja tu: walioijaribu ni akina nani? Tukafungua majina. Wanafunzi wa chuo, makarani, mwalimu, vijana watupu wenye simu nzuri. Tovuti ya watu wasioona vizuri tumewapa wenye macho ya mwewe waijaribu, na sisi sote tulikuwepo tukipiga makofi. Nassor, ambaye muda mfupi uliopita alikuwa anafukuza mtu, ghafla akakumbuka simu ya kupiga. Mzee Hemedi alipopata habari alisema tumewapima wasichana tukashona kanzu.

Tulimwomba daktari atuombee ridhaa ya wagonjwa waliokosa miadi, akatupatia baadhi, wengi wa upande wetu wa Temeke. Niliwapigia mwenyewe, salamu kamili na habari za wajukuu, nikawatumia linki. Rekodi zikaja. Ya kwanza ilianza na sauti ya bibi, taratibu, akiisalimia simu. Kisha kikasikika kiti kikiburutwa, na sauti ya mwanamke mwingine, ya haraka, ikisema, "Kaa hapo mama, nikufanyie." Kazi ikaisha kufumba na kufumbua. Rekodi ya pili ilikuwa ya mzee mwanamume, na sauti ileile ikamwambia baba akae hapo afanyiwe. Ya tatu vilevile. Nyuma yake mashine ilikuwa inanguruma, muziki wa singeli unapigwa kwa mbali, na mtu anaulizia picha za pasipoti.

"Hizi zimeharibika, mama," Kelvin akaniambia, kinyonge. "Sheria ya hili jaribio mtu anatakiwa awe peke yake."

Nassor naye akasema zitupwe, tutafute wengine, mwezi unakwenda. Niliwaambia nimeishi Temeke miaka mingi na sijamwona mtu pale aliyeachwa peke yake na jambo gumu. Kwetu ukimwona mtu anahangaika peke yake, majirani wanaanza kuulizana amewakosea nini. Kama ndivyo watu wanavyoitumia tovuti, basi hilo ndilo jaribio, na sheria ndiyo iliyoharibika. Nikamwomba Kelvin arudishe kila rekodi pale kwenye kisanduku cha namba ya simu. Akarudisha ya bibi, akarudisha ya mzee, akarudisha na ile ya tatu. Namba ilikuwa ileile moja. Kelvin akavuta kiti karibu na skrini.

Nilimpigia yule mzee nikamuuliza nani alimsaidia. Alishangaa kwamba simjui. Ni Zuhura wa steshenari, Tandika, akasema, huyo ndiye anawafanyia wote. Meseji yoyote yenye mambo ya kubonyeza, yeye anampelekea Zuhura kama ilivyo.

Tukaenda, mimi na Kelvin. Duka lenyewe lilikuwa dogo, lina mashine ya fotokopi, kompyuta moja, pazia jeupe la kupigia picha, na foleni ya watu wanaoomba kazi, wanaotafuta matokeo, wanaojaza fomu za vyeti vya kuzaliwa. Zuhura alikuwa mwanamke wa makamo, mtandio kichwani, vidole havitulii. Aliniamkia vizuri, akatupisha kwenye benchi, na tulipojitambulisha kwamba tumetoka kwa watengenezaji wa tovuti ya macho hakungoja tumalize. Alisema tarakimu za kuthibitisha zinakufa kabla hajazisoma. Alisema kalenda inaruka ovyo. Akauliza ni nani aliyeweka vitufe vya chungwa, wazee wake hawavioni. Kelvin akatazama viatu vyake. Mimi nilimkumbuka Mzee Hemedi na mkasi wake, nikajua tumefika kwa mwenyewe.

Nilimuuliza kwa nini anaweka namba yake.

"Sasa nifanyeje, mama?" akasema. "Vile vinamba vinakuja hapohapo, na simu ya bibi iko kwa mjukuu, ama imezima. Naweka yangu, ishu inaisha."

"Na meseji ya kukumbusha miadi, si inakuja kwako?" Kelvin akauliza.

"Meseji gani? Mie sijawahi kuiona."

Simu yake ilikuwa juu ya kaunta, kwenye chaji. Ikalia. Kelvin alitazama saa ya ukutani na mimi nikamtazama Kelvin, kwa kuwa mchana ule ndio muda ambao mfumo wake hutuma meseji zote. Zuhura aliiokota, akasoma, akasonya.

"Umeona, mama? Hawa matapeli hawa. Kila siku Ndugu mteja, usikose miadi yako kesho. Miadi na nani, kwani mie naumwa? Wanataka ubonyeze wakukombe." Na kidole chake kikaifuta.

Hakuna aliyecheka, ingawa mimi nilikuwa karibu. Meseji haikuwa na jina la mgonjwa wala la kliniki. Kelvin ndiye aliyeyaondoa, ili iwe fupi na ya kupendeza. Alimweleza Zuhura polepole meseji ile ilikuwa nini. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, karatasi zinamwagika kutoka kwenye mashine na hazitazami.

"Mama," akaniambia, "nimewafuta wangapi?"

Kelvin aliwapigia kliniki, wakamwambia miadi ya kesho yenye namba ile ni ya bibi mmoja, na Zuhura aliposikia jina alisema anakaa nyuma ya msikiti, hatua chache tu. Aliwaacha wateja wake kwenye foleni akatoka kumwambia yeye mwenyewe. Wale waombaji kazi walituuliza sisi kama tunajua kutumia mashine. Kelvin, msanifu wa tovuti, akapiga fotokopi za vyeti vya watu mpaka mwenye duka akarudi, na mbili zilitoka kichwa chini.

Marekebisho yalikuwa madogo, kama kawaida ya marekebisho baada ya kilio kikubwa. Kelvin aliweka swali moja mwanzoni: unamwandikishia nani? Majibu yalikuwa mawili, mimi mwenyewe, au mtu mwingine. Ukichagua mtu mwingine, unaweka namba yako wewe msaidizi upokee tarakimu, na namba ya mgonjwa upande wake. Ukumbusho unakwenda kwa wote wawili, na ndani yake kuna jina la mgonjwa, jina la kliniki na jina la aliyemwandikisha. Alilalamika kwamba meseji imekuwa ndefu kama waraka wa parokia. Nikamwambia akaifupishe Tandika. Tukaijaribisha tena kwa mbali, kwa Zuhura na kwa wenye steshenari wengine, na safari hii hatukumfukuza mtu kwenye rekodi. Zilijaa watu, watoto na hata jogoo mmoja.

Wagonjwa wakaanza kufika. Daktari hakuvunja mkataba, Nassor akawa anasema tangu mwanzo alimwamini Kelvin, na ukuta wa mbao haukumkanusha. Kwa shukrani daktari alimpima Kelvin macho bila malipo. Kumbe kijana alihitaji miwani siku zote. Mambo ya chungwa yakaeleweka.

Yaliyofuata kazini mnayajua, wengi mlikuwepo. Ambacho hamkukijua ni kwamba miezi yangu ya mwisho nilikuwa nafuta skrini kwa leso kila mara, nikidhani wasafishaji wetu ni wavivu. Niliwasingizia. Ukungu ulikuwa kwenye jicho langu la kulia, na baada ya keki ya kuagwa ukaingia na la kushoto.

Siku moja nikaketi na simu yangu niandikishe miadi Kawe. Sidhani kama kuna mtu aliyesikiliza watu wakihangaika na ukurasa ule kunizidi. Nilijua kila kitufe kilipo. Sikukiona hata kimoja. Nilijaribu nje, nikajaribu dirishani, nikajaribu kuinua simu na kuishusha. Jirani yangu Mama Rehema akapita akaniuliza kama kuna mtu nimemkosea. Nikachukua bajaji kwenda Tandika.

Zuhura alinijua kwa sauti kabla sijafika kwenye benchi. "Kaa hapo mama, nikufanyie," akasema, maneno yaleyale niliyokuwa nayasikiliza kwenye hedfoni nikiwa na kikombe cha chai mkononi. Akafungua tovuti. Nilijua swali la kwanza ni lipi, nikangoja aniulize. Hakuniuliza. Nilisikia kidole kikigonga mara moja, upande wa pili, na nilijua amegonga wapi. Mtu mwingine. Iliniuma, sitawaficha. Miaka yote nilikuwa upande wa wanaosikiliza, na nilikuwa nimejiwekea moyoni kwamba mtu mwingine ni mtu mwingine kweli. Halafu akaniuliza namba yangu ya simu, yangu mwenyewe, akairudia kuhakikisha, na nikaona kwamba sina haja ya kulia dukani kwa watu.

Siku ya ukumbusho nilikuwa uani nachambua mchele kwa vidole, na Mama Rehema ananitolea mawe niliyoyapita. Simu ikalia mchana, saa ninayoijua. Nikampa aisome. Akasoma kwa sauti, taratibu, kwa kuwa ilikuwa ndefu kama Kelvin alivyolalamika: Bi Eliwaza, kesho una miadi kliniki ya macho, Kawe. Umeandikishwa na Zuhura, Tandika. Usikose.

Nikamwomba arudie kuanzia kwenye jina langu.